Mchimbaji Rasmi wa Kavoko

Serikali ilitangaza kwamba machimbo ya shaba na bati ya kilima cha Kavoko, upande wa Nuu, yamepandishwa cheo. Kuanzia siku hiyo halikuwa shimo tena, ilikuwa Historia. Na kwa kuwa historia huharibika ikichotwa kwa madebe, liliwekwa lango la chuma lenye kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi.

Ufunguo alipewa Jonah Mulei, Afisa wa Historia ya Machimbo. Mulei alikuwa mtu makini. Alifanya utafiti, akagundua kwamba kampuni ya Wazungu ilichimba pale mwanzoni mwa miaka ya sitini, ikapata shaba ya kutosha sufuria moja na bati la kutosha kifuniko chake, ikaenda zake. Mvua zikalijaza shimo, kina mama wakawa wanachota humo. Huo ndio uliokuwa ukweli, na Mulei aliukataa papo hapo. Ukweli usio na mheshimiwa ndani yake utazinduliwa na nani?

"Mwanangu," Kalunde, mmoja wa kina mama hao, alimwambia langoni, debe mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso, "mwaka huu wa themanini na nne hata punda wamesahau ladha ya maji. Fungua."

"Mama, hayo unayoyaona si maji. Ni urithi wa taifa ulio katika hali ya umajimaji."

"Basi nipe urithi debe moja."

"Peleka ombi kwa kamati."

"Kamati iko wapi?"

"Ni mimi. Lakini leo sijakutana."

Alipokutana, alipitisha kwa kauli moja kwamba machimbo yale yalichimbwa kwa mikono mitupu na marehemu babu wa Mheshimiwa Ndululu, mgeni rasmi wa uzinduzi. Nafasi ilipobaki kwenye karatasi, Mulei alimchomeka babu yake mwenyewe kuwa msaidizi wa mchimbaji. Babu huyo alikuwa mshona viatu Makindu, wala sururu hakuwahi kuishika.

Siku ikafika. Kwaya iliimba, Mulei akasoma historia kwenye kipaza sauti. Mheshimiwa, aliyekuwa akiisikia kwa mara ya kwanza, alitoa leso akajifuta machozi.

"Ni kweli tupu! Babu alinisimulia mwenyewe. Shimo hili ni la ukoo wetu!"

Kalunde akasimama. "La ukoo wenu kabisa, Mheshimiwa?"

"Kabisa, mama! Nani anabisha?"

"Habishi mtu. Mungu asifiwe, mwenyewe amepatikana!"

Vigelegele vikapaa. Kila mtu aliyewahi kufukua kisima kwenye mchanga wa mto mkavu anajua desturi: maji ni ya kila mwenye kiu, lakini tope ni la ukoo wa aliyechimba. Kiangazi kikikaza, wao ndio hushuka kulitoa, na wao ndio hunywa mwisho. Anayekataa amemkana babu yake mbele za watu.

"Tope limefika kiunoni," Kalunde alisema kwa heshima zote. "Tumewangoja sana."

Mheshimiwa aliutazama umati. Ulikuwa wa wapiga kura watupu. Akamwinamia Mulei. "Babu yangu alichimba tu. Kusafisha ilikuwa kazi ya msaidizi."

Kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Ukoo wa msaidizi nao uko hapa hapa!" mtu akapaza sauti. "Kazi ni ya wawili!"

Kufuli likafunguliwa. Suti mbili zikashuka. Makarai ya tope yakaanza kupanda, na Kalunde akawa anayakagua moja moja pale juu. "Chimbeni kona ile, wanangu. Huko ndiko historia ilikoganda."

Hadi jua linaegemea kilima, maji yalikuwa yametakata, na foleni ya madebe ilizunguka jiwe la kumbukumbu. Kutoka shimoni, sauti kavu ya Mulei ikapanda: "Mama, kikombe kimoja tu."

"Peleka ombi kwa kamati."

"Kamati iko wapi?"

Kalunde aliitazama foleni kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Imekutana, mwanangu. Inachota kwanza."