Radi Isiyongoja na Mashina ya Lusina

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Rangga amekuja. Ndugu wa mke wangu hapigi hodi. Anakohoa mara moja langoni, kisha unamkuta kibarazani anatafuna tambuu yako. Nyumba ya ukoo wao inajengwa upya, sherehe ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu. Hakuniomba farasi. Hapa wilayani Kodi aliyeoa haombwi. Anatajiwa siku tu, naye huleta farasi. Akatazama uani juu ya bega langu, akasema farasi ni farasi.

Farasi ninaye mmoja. Ana miaka ishirini na sita. Alikuwa amesinzia wima, mdomo wa chini umening'inia kama kandambili iliyokatika.

Najua safari yake itakavyokuwa. Rangga atampeleka kwa wakwe zake ng'ambo ya mto, na huko farasi wazee huishia sufuriani. Si hilo tu. Watu wa hapa humwita mwanamume kwa jina la farasi wake. Nilishuka melini kutoka kisiwa cha Sabu nikiwa kijana, mwalimu wa shule, nisiyejulikana na mtu. Baba mkwe akanipa mtoto wa farasi na jina lake: Radi Isiyongoja. Tangu hapo sokoni naitwa hivyo. Farasi akiondoka, jina linaondoka naye. Nitarudi kuwa yule Msabu.

Haondoki! Nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango: kilema. Farasi mgonjwa hapokelewi. Nimemfunga kitambaa mguu wa mbele na kuanza kumfundisha kuchechemea, kila hatua kijiko cha asali ya mvumo. Asali hiyo, inayochemshwa kutokana na maji ya mti wa mvumo, huja kwa meli kutoka kisiwani kwetu. Tunaipenda sana sisi wawili, na sote meno yanakwisha.

Amelamba chupa nzima. Hakuchechemea hata kidogo. Alipoitaka chupa ya pili akasogea, akaniweka kwato juu ya kidole gumba.

Loghe, jirani ambaye ndiye hupaza majina ya farasi kwenye sherehe zote, alipita akatusalimu. Akataka kujua mbona kafungwa bandeji farasi na anayechechemea ni mimi. Eti siku hizi tunagawana maradhi?

Mbiri, mke wangu, ameuliza kilemba chake kiko wapi. Kiko mguuni.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku ya ushindi, kwa muda wa dakika tano hivi.

Habari za ugonjwa zimeenea vizuri, Loghe hana mfano. Rangga alikuja na wazee wawili kumkagua. Farasi alilala chini saa ileile, kwa hiari yake. Almasi ya farasi! Rangga akampapasa mbavu, akaguna, akawaambia wenzake tumwache huyu, hata ngozi yake haitoshi ngoma ya mtoto. Wakageuka. Walikuwa wameshafika langoni.

Hapo nikafungua mdomo. Ngozi! Nikamkumbusha Rangga kwa sauti ya darasani mwaka ule wa pasola, ule mchezo wa vita vya farasi, mikuki ya miti ikiruka, farasi huyuhuyu alivyompita hadi yeye Rangga akala vumbi, na mkuki alivyoupokea mahali ambapo mpaka leo hakai vizuri. Kweli, aliyempanda alikuwa mpwa wa Mbiri. Mimi nilishika koti. Lakini nilisema bado anaweza. Nilisema hata kesho!

Kusikia makelele, farasi wangu mzee akadhani ni pasola. Akainuka, akalia kwa nguvu, akazunguka ua mara mbili mkia juu, kilemba cha Mbiri kikipepea mguuni.

Rangga akasema vizuri sana shemeji, basi atakuja.

Mbiri amekifungua kilemba chake mguuni, anakipiga kwenye jiwe la kufulia. Kuna kufua kunakosikika hadi kwa jirani.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza. Nitamnenepesha. Wakimwona mgongo umejaa, hao wa ng'ambo ya mto watamtaka wa kupanda, hawatampika. Kisha mimi nitakwenda kimyakimya kubembeleza arudi. Na kama lazima atazamwe, hatatazamwa akiwa mbavu tupu. Nina heshima yangu.

Majani yote yamekauka isipokuwa lusina, mti wa malisho. Mbuzi wa Loghe wanaila, wamekuwa kama magunia. Ninaikatakata ndogondogo, ninailoweka na pumba za mahindi, kwa kuwa magego ya farasi yamelika hadi kwenye fizi. Anakula amefumba macho. Nakaa naye mpaka amalize, nikimfukuzia nzi. Sijui kazi nyingine inayonituliza hivi.

Mbiri akasema lusina ni ya mbuzi, farasi humpukutisha manyoya, nitamnyoa. Nikamwambia watu wa hapa mna shaka na kila kitu cha kijani.

Jumapili, 17 Agosti

Amenenepa! Makalio yamejaa, ngozi inang'aa. Nimempitisha barabarani watu wakitoka kanisani. Nimepokea pongezi kama bwana harusi.

Jioni nikamchana mkia, ukaja. Sikusema nywele zimekuja. Mkia umekuja. Nikashika singa za shingoni nipate pa kujishikilia, nazo zikaja.

Mbiri alitoka, akatazama farasi, akatazama mikono yangu iliyojaa manyoya. Akasema nimekuwa fundi mzuri wa kujaza mito.

Jumatano, 20 Agosti

Hakuna kilichoharibika kisichotengenezeka. Nimesuka mkia wa nyuzi nyeusi za mtende, zile wanazofungia paa, na shungi la kubandika shingoni kwa utomvu. Ukisimama mbali, ukifumba jicho moja, huwezi kujua. Farasi mwenyewe aligeuka kuutazama mkia wake mpya kwa adabu.

Nikaingia ndani kuchukua kamera ya kuazima. Nilipotoka, mbuzi wa Loghe alikuwa amebakiza nusu shubiri ya mkia tu.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika kwa mkono uliochubuka na moyo uliofura.

Asubuhi nilimwogesha, nikampa pumba zake, nikamfunga njuga shingoni. Tulitembea polepole, yeye na upara wake, mimi na kidole changu. Nilimwambia mambo fulani njiani ambayo sitayaandika.

Langoni kwa Rangga upatu ulikuwa ukilia. Loghe akapaza sauti: Radi Isiyongoja! Farasi akasimama, akangoja. Uwanja mzima ukageuka kutazama. Mtu akauliza kama huyo ni punda au ni panya aliyelelewa vizuri.

Rangga akaja mbio, tambuu imemjaa mdomoni, akaninong'oneza, “Shemeji, unanitakia nini? Wakwe zangu wamekaa pale!” Nilielewa kabla hajamaliza. Farasi asiye na mkia hapokelewi. Akimpokea, watasema dada yake ameolewa na mtu anayemdharau. Akimpeleka kwa wakwe, vita. Akaniambia nimrudishe nyumbani sasa hivi, haraka.

Nimrudishe! Maneno matamu kuliko asali. Lakini Loghe, mtu wa taratibu, akasema haiwezekani: jina likishaitwa mbele ya upatu, mwenye jina lazima aingie.

Mbiri akatoka katikati ya wanawake. Akaivua njuga shingoni mwa farasi, akanivika mimi. Akasema wenye jina ni wawili, na huyu mmoja ni wetu pia, tena mkia hajawahi kuwa nao.

Nikaingia nikilia njuga. Vigelegele! Sijawahi kupigiwa vigelegele maishani mwangu, hata siku ya ndoa. Nikapewa kamba ya nguzo kuu, nikaivuta na vijana mpaka ikasimama. Rangga alicheka hadi akameza tambuu. Akawatangazia wakwe zake kwamba amempokea, huyu angalau mkia wake wa maneno haujapukutika. Nikakalishwa mkekani pamoja na wazee, nikapewa ini la nguruwe, nikatafuna kwa upande wenye meno.

Farasi alikuwa amejirudia nyumbani mwenyewe. Nilimkuta mahali pake, mdomo umening'inia. Nilimwita kwa jina letu. Sikio moja likageuka.

Jumapili, 31 Agosti

Singa zinaota! Laini, nyeusi, kama ndevu za mvulana. Tangu niache kumpa lusina anameremeta.

Nimekutana na Rangga sokoni. Aliniita Radi Isiyongoja mbele ya watu, mtu mwema sana nikimfikiria vizuri. Akaulizia hali ya mwenzangu. Nikamweleza. Huenda nilieleza kidogo zaidi. Nilisema mvua zijazo zikiisha, Kodi nzima haitakuwa na farasi mwenye singa kama hizi, wala mgongo kama huu. Akasema amefurahi, kwa kuwa wakati huohuo ndipo watakapovuta jiwe la kaburi la marehemu baba yao. Akaniomba nirudie maneno yale ili Loghe asikie. Nikarudia, kwa sauti zaidi.

Nilifika mtoni ndipo nikasimama: nilikuwa nimetajiwa siku.

Jioni hii nimepanda mashina sita ya lusina nyuma ya nyumba. Mbiri amekuja kuuliza ninapanda nini. Nikamjibu chakula cha mbuzi.

Ameyatazama mashina, akamtazama farasi. Hatuna mbuzi.