Ahadi kwa Nyoka Asiyetabasamu

Jumatatu, 4 Machi

Kionjo cha filamu kimetoka. Nimekitazama ofisini, simu nimeificha chini ya meza. Kitabu chenyewe nimekisoma hadi jalada likabanduka. Kitabuni, Nyoka wa Mto ni kipofu na hatabasamu kamwe. Kwenye filamu ana macho makubwa ya bluu. Na anatabasamu! Meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki.

Jioni nilikwenda kwenye hekalu la Nyoka huyo huyo, kando ya mto Mekong. Nikamwekea sadaka ya soda nyekundu na shada la maua, nikaahidi: filamu ikianguka, nitamchezea ngoma ya shukrani. Wenzangu huajiri wachezaji. Mimi, kwa hasira, nikasema nitacheza mwenyewe, mchana kweupe, kwa mavazi kamili. Sijawahi kucheza hata harusini.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Wakati wa chakula Mama Saowanee, mkuu wetu wa ofisi, alitangaza kwamba Nyoka yule wa filamu amechorwa kwa kompyuta na mwanawe, Pakorn. Ijumaa anatupeleka sote sinema. Wali wa kunata ukanikwama kooni. Wichuda wa meza ya pili akanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akauliza kama Nyoka ndiye aliyenikaba.

Mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi huu. Wa kuusaini upya ni Mama Saowanee.

Alhamisi, 7 Machi

Nilikimbilia hekaluni kufuta ahadi. Nikamwambia Bibi Bunma, mtunzaji, kwamba ni ahadi ya rafiki yangu.

“Mwambie huyo rafiki yako hapa si dukani, mjukuu wangu. Eti kiatu kimembana, anakirudisha.”

Nikauliza asiyelipa hupatwa na nini. Akasema yuko mmoja aliyechelewa, miguu yake ikacheza yenyewe kwenye mazishi ya mkwewe. Akaendelea kufagia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeketishwa kando ya Mama Saowanee. Nyoka alipotokea, watu walicheka. Mama akaushika mkono wangu. Kisha Nyoka akazungumza, na sauti ilikuwa ile ile niliyoisikia kichwani tangu nikiwa shule. Nikalia, kamasi na yote. Mama akanipa leso, akanong'ona kwamba angalau mmoja ameelewa.

Nimeipenda! Nimekwisha.

Alhamisi, 14 Machi

Filamu imeondolewa kwenye kumbi zote za mji. Wichuda anasema ni yale meno. Mama Saowanee hakugusa chakula. Nyoka ametimiza upande wake. Mguu wangu wa kushoto umetikisika mchana kutwa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimecheza. Sketi ya hariri ya kukodi, kilemba cha dhahabu kikinishuka machoni. Bibi Bunma akipiga makofi, nje ya mdundo. Kilemba nilipokipandisha, nikamwona Mama Saowanee na shada lake mkononi. Kila mtu anajua hapa hachezi ila aliyejibiwa.

“Umejibiwa ombi gani, mwanangu?”

Nilisema la kwanza lililonijia. “Mkataba wangu, Mama. Umesainiwa.”

“Mwenye kusaini ni mimi. Sijasaini.”

Niliendelea kucheza. Mama akamtazama Nyoka wa mawe muda mrefu, akavua viatu, akapiga magoti.

“Nyoka ameshalipwa,” akasema. “Mimi ni nani nimuumbue?”

Jumatatu, 18 Machi

Umesainiwa! Nimeapa kutofungua mdomo tena mbele ya Nyoka. Nitaishi kwa amani, nikipiga mihuri yangu ofisini.

Ijumaa, 22 Machi

Mama Saowanee anacheka tena. Kitabu cha pili kinafanywa tamthilia ya televisheni, na mchoraji ni Pakorn. Nyoka ataoa. Ataimba!

Nimetoka hekaluni sasa hivi. Ahadi ni ile ile, ikianguka ngoma itachezwa. Ila safari hii nimekuwa mwangalifu: nimeahidi kwamba atacheza Wichuda. Bado sijamwambia.