Kidole cha Dada

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua simu! Walioitengeneza wanasema kwenye bango la dukani kuwa siri za mwenye simu hata wao hawazioni. Bango kubwa vile haliwezi kudanganya. Mpango: nipige picha kabati jipya la shemeji, bosi wangu hapa karakanani, pamoja na vipimo, nimtumie Kipara, seremala wa ng'ambo ya barabara. Kipara kaahidi kunifanya msimamizi. Mimi! Nimechoka kupiga msasa.

Jumanne, 4 Machi
Kikwazo kidogo. Simu inataka alama ya kidole, na vyangu vimesuguliwa na msasa hadi havina alama. Nikatumia akili. Dada, mke wa shemeji, hushika hesabu ofisini. Vidole vyake vizima. Tumesajili chake. Namba ya siri nayo aikumbuke yeye, mimi msahaulifu. Sasa simu haifunguki hata kwangu. Huo ndio usalama!

Jumatano, 5 Machi
Kabati nimelipiga picha shemeji akiwa kwenye chakula. Kabla sijatuma, simu ikajifunga. Nikampelekea dada aweke kidole, nikamwonya asichungulie. Akasema hana haja na mambo yangu, ila chaji imekwisha, aichomeke ofisini kwake. Ana roho nzuri sana dada yangu. Jioni akanifungulia, nikatuma picha zote bila kuzikagua. Ya nini, na simu inalindwa?

Jumamosi, 15 Machi
Balaa! Kipara kaunda kabati kwa kufuata picha zangu. Mteja kavuta mlango wa kushoto, ukagonga wa kulia, yote miwili ikamwangukia miguuni. Kumbe picha ni za kabati nililoharibu mwaka jana, lile linalooza uani nyuma ya ofisi ya dada! Zimefikaje simuni? Kipara kanifukuza na ubao mkononi. Usimamizi umeota mbawa, na roho inaniuma kweli. Shemeji kanikabidhi milango mingine ya kupiga msasa. Dada, akifuta machozi ya kicheko, kasema mchimba shimo huingia mwenyewe. Bila shaka alimsema Kipara.

Jumapili, 16 Machi
Nimetafakari. Kosa ni la kidole, teknolojia ya kizamani. Nimebadilisha simu, nikaongeza na pesa juu. Hii mpya inatambua uso, na walioitengeneza wanaapa ndiyo inayotunza siri kuliko zote. Kuna fundi mwingine kona ya pili, huyo ana macho ya kuona kipaji. Ila uso wangu wenye vumbi la mbao simu imeukataa mara tatu. Hakuna shida. Dada kakubali kusajili wake.