Chenso Yenye Meno Yote

Ijumaa, 25 Oktoba

Mnada wa Karatu. Nimenunua chenso, msumeno wa injini! Imetumika kidogo tu, kwa maneno ya muuzaji. Zilikuwepo mbili. Moja ndogo, nyepesi, na muuzaji mwenyewe akasema hiyo ndiyo ya kupanda nayo mtini kupunguza matawi. Nyingine kubwa, ule ubapa unaobeba cheni mrefu kama mguu wangu. Mke wangu, Mama Goodness, aliniagiza ndogo. Lakini Mama Goodness hakuwepo.

Sikuchagua kiholela. Nilikwenda na rafiki yangu Lemayian, aliyeshuka na mbuzi wake kutoka Enguserosambu, na hakuna mtu mnadani anayeweza kumdanganya Lemayian kwenye mbuzi. Akaniambia mnyama ni meno kwanza. Akayapitia meno ya cheni moja moja kwa kidole. Yote yapo, hakuna pengo. Akaamua bado kijana. Tukaiwasha, akatega sikio, akasema ina kikohozi, ila ni kikohozi cha safari, kitapona ikilishwa vizuri. Akauliza inakula nini. Nikamwambia petroli iliyochanganywa na oili. Akasikitika kwamba haili majani.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kazi ya kwanza imepatikana. Jirani yangu Bibi Cresensia ana mkaratusi mkubwa kati ya kwake na kwangu, umeinamia nyumba yake. Upepo ukivuma matawi yanakwangua bati, na mvua za vuli ndizo hizo zinakuja. Bati hizo aliziezeka marehemu mume wake kwa mikono yake, na Bibi hana nyumba nyingine. Kibali cha mtendaji wa kijiji cha kuukata anacho tayari.

Remigius naye aliiomba kazi hiyo. Remigius ana chenso ndogo mpya, kofia ngumu, miwani, na kila jioni anaisafisha mashine kwa mswaki. Mtu mzima, anaipiga mashine mswaki. Bibi amenichagua mimi kwa ujirani. Nimemwahidi Jumatatu.

Tena mti unaonekana kutoka barabara ya lodji za watalii. Mameneja wote wanapita pale. Wakiona kazi safi, nani ataitwa kupunguza miti yao? Mimi.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya misa nilitaka kujua kile kikohozi kinatoka wapi. Nimefungua kabureta. Ajabu kabisa. Ndani kuna kingozi chembamba kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, ukikigusa kinapanda na kushuka. Nimekigusa sana. Nikafungua na upande wa cheni, nione inazungushwa na nini. Nimerudisha kila kitu. Imebaki skrubu moja. Mashine inawaka bila hiyo, kwa hiyo waliotengeneza walizidisha.

Mama Goodness ameuliza kama ni lazima kufungua kitu kinachofanya kazi. Nikamuuliza, bila kukifungua ningejuaje kwamba kinafanya kazi. Akachukua ndoo akaenda bombani. Nadhani ameelewa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kwa usalama nimemhamishia Bibi Cresensia kwangu mpaka mti ushuke. Amekuja na kuku wake wote na jogoo. Tumempa kitanda chetu. Mimi na Mama Goodness tutalala chini, siku moja tu.

Nimepanda nikiwa nimejifunga kamba ya fahali niliyoazima kwa Lemayian. Mashine ni nzito kuliko nilivyokumbuka. Nikaiweka kwenye tawi la kwanza. Moshi. Nikaongeza mafuta. Moshi zaidi, tawi likawa jeusi, halikukatika. Remigius alikuwa amesimama chini, akauliza kama nakata au nabanika nyama. Nikamwambia mkaratusi wa zamani ni mgumu, asingejua. Akasema cheni nimeivalisha kinyumenyume, meno yanatazama nyuma.

Nimeshuka kuchunguza. Ni kweli. Kinachonishangaza ni kwamba cheni yenyewe haikujali. Ilizunguka kwa bidii ileile bila kukata chochote. Nimeliwaza hilo mpaka jioni, na mti umebaki ulivyokuwa.

Jumanne, 29 Oktoba

Cheni imegeuzwa. Sasa haitoi moshi, ila haikati, inapapasa tu. Kumbe meno yapo yote, lakini mwenye nayo wa kwanza aliyanoa mpaka yakabaki vijino. Nimempigia Lemayian. Amesema hata kwa mbuzi meno yakilika hivyo ni uzee, na kwamba mimi nilimuuliza kama yapo, sikumuuliza kama ni marefu.

Nimenunua tupa, nimenoa. Mkono wangu wa kulia unajua kazi, wa kushoto unachoka mapema. Kwa hiyo meno ya upande mmoja yamekuwa wembe na ya upande wa pili basi tu. Matokeo yake mkato unapinda! Unaanza umenyooka, unaishia pembeni, kama barabara ya kupanda kreta. Nikataka kujua kama utapinda kila mara. Nimekata kuni gogo baada ya gogo. Unapinda kila mara. Mama Goodness ana kuni za mwezi mzima na hakuna hata moja inayokubali kupangika juu ya nyingine.

Kabla jua halijazama nikaukumbuka mti. Nimeshusha matawi mawili makubwa ya upande wa Bibi. Ameniuliza kama mti umekwisha. Nimesema karibu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mashine imezimika nikiwa juu. Chujio la hewa limejaa vumbi jekundu. Remigius amenipigia kelele kutoka barabarani kwamba chujio linakung'utwa kila siku, ndiyo maana ya mswaki. Kulikung'uta ni kazi ya muda mfupi tu. Lakini nikajiuliza, vumbi lililopita kwenye chujio limeishia wapi? Ili kujua, ilibidi nifungue yote. Sasa chenso iko kibandani kwangu, vipande vimetandazwa juu ya kanga ya Mama Goodness, kila kimoja kizuri kuliko mwenzake. Vumbi limeishia kila mahali.

Jioni Remigius amekuja kumwambia Bibi kwamba upepo unaongezeka na yeye yuko tayari kuukata mti kesho. Bibi akanitazama mimi kwanza. Nikamwomba anisubiri hadi Jumamosi. Akakubali, kisha akaenda kukaa dirishani akiziangalia bati zake. Nikaona aibu, aibu ya kweli. Nikaenda kibandani kuiunganisha mashine palepale. Ila nilipoishika pistoni nikagundua sijaelewa bado inajuaje wakati wa kurudi.

Jumamosi, 2 Novemba

Umeanguka. Kulipopambazuka upepo ulikuja na mvua kutoka juu msituni, tukasikia mizizi inakatika. Sote tulikuwa mlangoni. Bibi alinishika mkono akaita jina la mumewe. Nilijua nimemwangusha, na nilitamani kumwomba Remigius msamaha, kitu ambacho sijawahi kutamani. Mti ukayumba kuelekea kwake. Halafu ukageuka! Matawi niliyoyashusha Jumanne ndiyo yaliyokuwa yanauvuta kule. Bila hayo uzito wote umekuja huku kwetu.

Umelala juu ya kibanda changu. Kibanda hakipo tena. Chenso ipo, ila imekuwa bapa. Bati za Bibi hazina hata mkwaruzo mpya, isipokuwa matawi yaliyovunjika mti ulipoyumba yamejaa mlangoni kwake na hawezi kuingia ndani.

Bibi amelia kwa furaha na kunibariki mbele ya watu. Nimemweleza Remigius kwamba ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo. Yeye akawasha mashine yake. Hadi jioni shina lote lilikuwa vipande, vyote vimenyooka, havina mvuto wowote. Matawi ya mlangoni amesema atayatoa Jumatatu. Nimeiokota kabureta yangu kwenye tope. Imepasuka katikati. Ndipo nimeona ndani vizuri.

Jumapili, 3 Novemba

Remigius anaimba kwaya, Jumapili hashiki kazi. Na kwa kuwa njia ya kwake ni utelezi mtupu, mashine yake ameiacha kwangu tangu jana. Kesho asubuhi anakuja kufungua mlango, Bibi arudi nyumbani kwake. Ameniomba kitu kimoja tu, mbele ya mke wangu na Bibi: nisiiguse. Nimeapa.

Sijaigusa. Nimetumia bisibisi. Mchana nilikuwa nimekaa tu naitazama, nikajiuliza: ile kamba ya kuwashia, ukishaivuta, nani anairudisha ndani? Swali halali kabisa. Nikatoa skrubu za kifuniko cha pembeni, nikakiinua kidogo, na hapo ikaruka springi. Ndefu ajabu! Ilikuwa imejikunja yote ndani ya kisahani kidogo. Imejikunjua chumba kizima, ikapita juu ya jogoo na kupotelea chini ya kitanda cha Bibi. Kwa hiyo sasa najua nani anairudisha kamba. Remigius anayo mashine hiyo mwaka mzima na nina hakika hajui.

Mama Goodness yuko chini ya kitanda na tochi. Anaitafuta springi. Bibi Cresensia ameambiwa asifunge mizigo, kesho huenda isiwe kesho. Hakulalamika. Ameketi kitandani, redio yake ndogo ameizungushia kanga na kuipakata. Inakwaruza kidogo, nimeisikia. Ingefaa mtu aitazame ndani.