Rangi ya Bure Bwawani

Jumatano, 8 Februari 2006
Khaemba jirani amepaka nyumba yake rangi ya samawati. Kuta zote! Hata choo! Sababu naijua. Wilkista, yule mjane muuza vitunguu wa soko la Chwele, anakuja Jumapili kuona boma langu, aamue kama atanikubali. Na njia inapita kwa Khaemba. Mzee amebaki na meno manne na bado anashindana.
Nyumba yangu ni ya udongo mtupu. Ninaye Diwani tu, bata mzinga wangu. Nilimpa jina hilo kwa sababu anavimba siku nzima na hakuna kazi anafanya. Jumapili ataingia sufuria.

Alhamisi, 9 Februari
Mungu yupo! Nimeteremka bwawani, nikakuta rangi. Rangi, bana! Ukingo wote kijani, na pale imekauka juu ya mawe ni samawati kushinda ya Khaemba. Lazima lori lilimwaga kule barabarani, ikateremka. Inanuka, lakini rangi gani hainuki?
Shida ni akina mama. Wanachota maji na mitungi, wanaivuruga. Nikapanda jiwe, nikatangaza ati nimesikia kwa redio: maji haya yana sumu, ng'ombe akinywa anaanguka hapo hapo. Nikajiangusha waone. Nabwile, kiongozi wa kwaya, akapiga nduru. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinapeleka ng'ombe chemchemi ya mbali. Hata Khaemba na goti lake bovu! Nimecheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 10 Februari
Nimechota ndoo kwa ndoo. Ukuta wa mbele umeisha. Unang'aa! Mikono inaniwasha hadi viwiko, lakini urembo una gharama. Diwani nimemwachia bwawa lote. Anywe ashibe! Si mimi ndiye najua hakuna sumu?

Jumamosi, 11 Februari
Diwani amekufa! Nimemkuta ukingoni, shingo imepinda. Nani kama si Khaemba? Nimemshtaki hapo hapo kwenye ua. Akajibu ati labda bata ameangalia sura yangu kwa karibu. Sawa. Hata wa kufa mwenyewe anapikika. Nimemnyonyoa kimya kimya.

Jumapili, 12 Februari
Wilkista amefika na leso mpya! Kabla ya kuketi akaziba pua. Akauliza kwa upole kama nafuga nguruwe ndani ya nyumba. Nikamweleza ni rangi ya kisasa. Nzi waliipenda sana.
Sufuria inachemka, mara akaingia Chelimo, afisa wa mifugo, na Nabwile, na nusu ya kijiji. Nikajua leo nimeshikwa. Nikatafuta mlango wa nyuma, sina.
Kumbe wamekuja kunishukuru! Chelimo ametoka kukagua maji ya bwawa, akasema hiyo si rangi. Ni vijidudu vya kijani, vinaota jua likiwaka, maji yakipungua, mbolea ya mashamba na mavi ya ng'ombe yakijaa bwawani. Vina sumu kweli. Bila mimi, ng'ombe wa kijiji wangekwisha. Nabwile akaanzisha wimbo. Wilkista akaniangalia kwa jicho laini. Nilivimba kama marehemu Diwani.
Halafu Wilkista akafunua sufuria.
"Mzee Sifuna," akasema, "huyu bata alikuwa anakunywa maji wapi?"
Chelimo akasema hata kuchemsha hakuondoi hiyo sumu. Wakachimba shimo, wakazika Diwani na mchuzi wake. Ukuta nao wameamuru niukwangue. Wilkista amekula kuku kwa Khaemba. Akienda aliniambia atafikiria, lakini alisema akiwa mbali.

Jumatatu, 13 Februari
Wamenichagua mwenyekiti wa bwawa! Nimekaa nikijikuna, nikiwaza, na ghafla nikaona yote wazi. Nilisema uongo, ukawa kweli. Hicho ni kipaji! Miaka yote hii nimekipoteza nikisema ukweli mara moja moja.
Asubuhi hii chemchemi imejaa watu. Naenda kupanda jiwe. Nitawatangazia nimesikia kwa redio: Wilkista amenikubali.