Jongoo wa Pwani kwa Magoti ya Marjani

Jumatatu, 7 Mfunguo Tisa, mwaka 1329 wa Hijra

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi! Marjani, farasi wa Bi Jokha, kavimba magoti ya mbele. Yamekuwa kama mabungo, tena ya moto. Bi Jokha ni mjane, minazi yake inafika Kirongwe, na bila farasi huyo haendi shamba. Analia. Mimi namtaka Bi Jokha tangu eda yake ilipokwisha. Nafungua mdomo nimfariji, Matano kanitangulia! Matano, muuza chokaa! Kasema farasi apumzishwe, asimamishwe baharini kila asubuhi. Maji ya chumvi! Kama ni dawa, mbona wavuvi wazee wote wanachechemea?

Jumanne, 8

Nimepata! Dawa ya kiungo hupitia tumboni. Jongoo wa pwani, yule mnene wa baharini, hana mfupa hata mmoja, na sijaona jongoo anayechechemea. Nimenunua wakavu kwa watu wa Jibondo, nimewatwanga, nimechanganya na uwatu, habasoda na mafuta ya ini la papa. Mama kanifukuza jikoni na kinu changu. Hana imani na elimu.

Jumatano, 9

Marjani kanusa, kaning'ata bega. Kanzu mpya! Matano kacheka mpaka kashika ukuta. Laana! Nikatia sukari guru. Kala yote, karamba na ndoo! Nikamwongezea mara ya pili, maana magoti ni mawili.

Alhamisi, 10

Tumbo la Marjani limeachia. Banda zima. Ukuta pia. Bi Jokha katoka na ufagio, kapaza sauti: "Hamdu! Ugonjwa uko mbele, wewe umemfungua nyuma!" Mtaa mzima ukacheka. Kisha akamkumbatia farasi shingoni, akalia, akasema nisionekane tena bandani kwake. Hapo nilichomwa kidogo. Nikamwona Matano anachota maji ya kusafishia, hasira ikarudi yote.

Jumatano, 16

Magoti yamenywea! Marjani anatembea, na kila mtu anamsifu Matano na bahari yake. Wezi! Nimekwenda kusimama barazani kwa Bi Jokha, nikamwambia hiyo ni kazi ya dawa yangu. Kanijibu kwa upole, na upole wake unauma kuliko meno ya farasi wake. Kasema tumboni mwa Marjani haikubaki hata punje, na unga uliosalia waliufakamia mbuzi. Nikazunguka nyuma kuwatazama hao mbuzi. Hakuna anayechechemea hata mmoja. Wanataka ushahidi gani tena?

Ijumaa, 18

Baada ya sala, imamu katangaza: Matano anamwoa Bi Jokha. Watu wakaitikia kwa furaha. Mimi nikaitikia nimeuma meno. Mtu kasimama majini na farasi, kapewa mke!

Basi nao. Nimesikia nyumbu wa kupanda wa Mdachi mtawala wa boma, kule kisiwani Chole, kavimba kifundo cha mguu. Mama kanishika kanzu, kanisihi: "Mwanangu, huyo si Bi Jokha. Boma lina viboko ishirini na tano." Nimemwambia viboko ni vya watu wasiojua dawa. Nimekaa, nimefikiri sana, nimeona kosa langu lilikuwa moja tu: nilimpa kidogo. Kesho navuka na gunia zima.