Waridi Huzimika kwa Kinyozi

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku ya ushindi. Nimeziba tundu.

Harufu ya petroli ilitusumbua wiki nzima. Mke wangu alilalamika kuwa imeingia mpaka kwenye mito. Leo nikamkagua Waridi, gari la marehemu baba, kuanzia taa za mbele hadi bomba la moshi, na nikamkamata mchawi: kifuniko cha tangi la mafuta kina tundu! Dogo, la mviringo, katikati kabisa. Miaka hamsini na moja gari linatembea na kifuniko kilichotoboka. Baba hakuona. Kaka hakuona. Mimi nimeona. Nikajaza gundi ya chuma, nikavisha mpira mpya ukingoni, nikakaza mpaka kiganja kikauma. Harufu kwisha!

Jioni kaka mkubwa akaja na gari lake jipya lisilo na mlio. Hata hakuketi. Alisema Waridi anakula nafasi uani, kwamba pale anataka kumjengea mama chumba chenye bafu ndani, na kwamba Jumapili analeta winchi limvute Waridi hadi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikasema Waridi anatembea. Akasema kutembea mpaka getini si kutembea. Tukapandishiana sauti.

Mama tulidhani amesinzia kwenye kiti. Kumbe! Alifumbua jicho moja akasema hajamwona mdogo wake tangu msiba wa baba, miaka minne sasa. Waridi akimfikisha kwa mama mdogo na kumrudisha kabla ya Jumapili, anabaki. Asipomfikisha, winchi.

Kaka akajitolea kumpeleka hata kesho kwa gari lake. Mama alikataa. Hakusema kwa nini. Kaka akacheka. Mimi nikacheka zaidi. Nusu saa tu ya lami!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Majaribio. Mke wangu kaja nami. Waridi akawaka mara moja, akanguruma vizuri, watu wakageuka. Nikapunga mkono.

Mbele ya kinyozi akakohoa. Akakohoa tena. Akazimika.

Kinyozi alitoka na mteja wake mwenye nywele upande mmoja, wote wawili wakasimama kunitazama nikifungua boneti. Nikatikisa waya. Nikapuliza mahali. Nikasema "Ahaa" mara kadhaa ili wasidhani sijui. Baada ya nusu saa Waridi akawaka mwenyewe kana kwamba hakuna lililotokea. Tukageuza kurudi nyumbani, na akazimika tena. Ila safari hii getini kwetu. Angalau ana adabu.

Mke wangu aliangalia saa. Alisema dakika kumi na moja kwenda, dakika kumi na moja kurudi. Yeye ni mwalimu wa hesabu, huona hesabu kila mahali. Nilimweleza kwa upole kwamba gari si zoezi la darasa la sita.

Ni chujio la mafuta. Limeziba. Jambo dogo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Chujio jipya. Petroli imenimwagikia mpaka kwapani, lakini kazi imekwenda vizuri. Waridi akawaka.

Akazimika kwa kinyozi.

Sasa nikaanza kumtazama yule kinyozi kwa jicho jingine. Kwa nini pale pale? Ana nini kwenye kile kibanda? Mbona alikuwa amekwisha kutuwekea benchi? Nilimwuliza kama anatumia mashine zinazovuta umeme kwa nguvu. Alijibu kwamba anatumia mkasi.

Nikabuni mbinu: kupita njia nyingine! Mchana nikazunguka kwa barabara ya soko. Akazimika mbele ya duka la dawa. Nimechanganyikiwa kabisa. Kinyozi na mwuza dawa hawafahamiani.

Mke wangu alisema tena: kumi na moja. Nikamwambia saa yake nayo ikaangaliwe.

Tuliporudi na kushuka getini, nikageuka nikamkuta mama amekaa kiti cha mbele. Hatukumwita, alikuja mwenyewe akaingia, mkoba mapajani, kitambaa kipya kichwani. Alisema anazoea. Nikamsaidia kushuka. Mkono wake mwepesi siku hizi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Si chujio, ni pampu ya mafuta! Nimeshangaa sikuiona mapema. Mwuza spea alinihakikishia aliyonayo ni ya gari la aina hii hii, au la aina inayokaribiana nalo. Nikafunga. Nikawasha. Kimya. Nikawasha tena. Stata ikalia kama mbuzi mwenye mafua. Hakuna hata kikohozi!

Nikakaa chini karibu na gurudumu. Ningeweza kulia, lakini nguo zilikuwa na petroli na macho yalikuwa yanatoka machozi tayari.

Mke wangu alirudi kutoka shule, akainama na daftari zake kwapani, akauliza ule mshale kwenye pampu ni wa nini. Mshale gani? Kumbe kuna mshale. Mpira wa kuingiza nimeuweka kwenye kutoa, na wa kutoa kwenye kuingiza. Nikamwambia nilikuwa najaribu kwanza upande wa nyuma. Akasema sawa. Akasema sawa kwa namna ile yake.

Nikageuza mipira. Akawaka. Kinyozi akaongeza mto kwenye benchi.

Basi ni kabureta. Imebaki hiyo tu, kwa hiyo lazima iwe ni yenyewe. Nikaifungua yote juu ya meza ya jikoni: boya, sindano, springi, vitobo vidogo kama vya sikio. Nikaloweka vipande ndani ya petroli kwenye birika, kwa kuwa ndicho chombo chenye mdomo mwembamba. Birika nikalisuuza mara mbili.

Kaka alipita kumsalimu mama. Mama akamkaribisha chai. Nilitaka kusema kitu, lakini alikuwa anamwelezea mke wangu vipimo vya bafu, nikaona nisimkatize. Alikunywa kikombe kizima kwa heshima ya mama. Kisha aliuliza kama tumebadilisha majani ya chai. Aliondoka amefungua vioo vyote.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kabureta inang'aa kama pete. Waridi amezimika dakika ya kumi na moja. Sasa hata mimi nahesabu, kwa siri.

Nikapata mpango: kama zipo dakika kumi na moja, mwendo wa nusu saa uende kwa dakika kumi na moja! Mke wangu alisema mama yangu ana miaka themanini na mbili. Mpango ukafa.

Imebidi kwenda kwa Fundi Kimya. Ndiye aliyemhudumia Waridi enzi za baba, na mwaka jana nilimwambia mbele za watu kwamba mikono yake imezeeka. Kwa hiyo nilivaa kofia na miwani, nikasema ninaye rafiki, na huyo rafiki ana gari kuukuu. Fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Miguu ikasikiliza yote. Kisha ikauliza kama rafiki yangu amegusa tangi.

Nikasema hapana, tangi la rafiki yangu liko safi, amelifunga barabara, hata hewa haipiti.

Fundi alitoka taratibu. Alinitazama mpaka miwani ikaanza kunibana.

"Mwambie rafiki yako afungue kifuniko," alisema. "Na umsalimie mama yako."

Nimefikiria maneno yale njia nzima. Kifuniko? Nimekuja na ugonjwa wa injini, ananielekeza upande wa pili wa gari! Kweli mzee amechoka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku yenyewe. Mama mbele, mke wangu nyuma, mimi usukani, jasho mgongoni kabla hata ya kuwasha. Sikulala vizuri. Waridi ndiye kitu pekee cha baba ambacho bado kinatoa sauti. Hilo sijamwambia mtu.

Kinyozi alikuwa amesimama nje anatusubiri. Waridi akazimika, bila shaka.

Nikaegemeza paji la uso kwenye usukani. Nikamwambia mama nimeshindwa, nimpigie kaka aje na gari lake. Mama akauliza kama kweli mafuta yamo. Nikasema yamo. Akasema hajayaona. Akashuka, akazunguka nyuma na fimbo yake, akaamuru nifungue kifuniko achungulie.

Nikafungua. Fyuuuuu! Hewa ikaingia kwa pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Bati la tangi likagonga, "du!" Kinyozi akaruka nyuma.

"Washa," mke wangu akasema.

Akawaka.

Mke wangu alieleza jambo kuhusu mafuta kutoka na hewa kukosa pa kuingilia. Sikuelewa, nilikuwa nashangilia. Kuanzia hapo, kila dakika kumi tulisimama, mke wangu akashuka, akafungua, fyuuu, akafunga, akapanda. Mama alishika saa.

Tulipokata kona ya mwisho, mlango wa mama mdogo ulikuwa wazi tayari na yeye yuko barazani, mikono ina unga, hajavaa hata viatu. Hatukuwa tumepiga honi. Aliusikia mlio wa Waridi tangu barabara kuu, akadhani, alisema mwenyewe, akadhani shemeji yake amerudi.

Mama hakushuka. Alisogea kidogo kwenye kiti. Mama mdogo akaingia upande wa usukani, akafunga mlango. Walikaa humo saa nzima na vioo juu. Mimi na mke wangu tukasubiri barazani. Niliona mabega yakitikisika; mwanzo nilidhani ni kilio, baadaye nikaona ni kicheko, baadaye sikujua. Wakati wa kurudi nilimwuliza mama kwa nini alikataa gari la kaka.

"Lile lingefika kimya, mdogo wangu angechungulia dirishani akajifungia ndani," alisema. "Huyu alimtoa nje kabla hajakumbuka kuwa amenikasirikia."

 Tuliingia getini saa kumi na nusu, kituo cha pili cha kufungua kifuniko kikiwa mbele ya kinyozi. Aliomba afungue yeye. Nikamruhusu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Winchi limekuja, mama amelirudisha lilikotoka. Kaka alinyoosha mkono, nikaushika. Alisema chumba chenye bafu kitajengwa upande wa jiko. Ni muungwana akitaka.

Fundi Kimya naye alikuja, hakuna aliyekiri kumwita. Alizibua lile tundu kwa msumari, akamweleza mke wangu kila kitu, kisha akamwambia anisimulie nikitulia. Mama alichukua ufunguo wa Waridi kwangu na kumkabidhi mke wangu. Sina kinyongo. Ni wazi kabureta yangu ndiyo iliyoleta nafuu, kifuniko kimetokea tu kuwa karibu.

Sasa wote wako mezani wanakula. Mimi nimetoka kunyoosha miguu, na nimegundua jambo la kutisha: chini ya gari jipya la kaka kuna maji! Matone, moja baada ya jingine. Na yeye yuko ndani anaomba aongezwe mchuzi, hana habari. Gari la kisasa, linavuja kama ndoo! Nimelala chini, nimekwisha ona kimpira cha kiyoyozi kinachotoa maji, na skrubu nne nimezifungua. Ya tano imeingia ndani ya injini yenyewe, kwa hiyo hiyo haina shida.

Bahati yake nipo.